Uzi kwa wenzangu mnaoogopa kukaa na watu: nilivyofurahia Sauti za Busara, na kwa nini muziki wa laivu ni rahisi kuliko kantini ya chuo

#1 binti_wa_mlangoni (mtoa mada)

Wakuu salaam, na wa visiwani assalam alaykum.

Uzi huu nauandika kwa ajili ya wanafunzi wenzangu wanaojifungia hosteli wikendi nzima, siyo kwamba hawapendi kutoka, wanapenda sana, ila wakiwaza tu watu watakaowakuta huko tumbo linavurugika wanaghairi. Mimi ni binti, nasoma chuo kimoja hapa Dar mwaka wa pili, na hii hali ninayo toka sekondari. Watu wakisikia wanasema aah hiyo aibu tu utazoea. Aibu naijua, mdogo wangu anayo, akifika ugenini anajificha nyuma ya mama af baada ya nusu saa unamkuta anacheza na watoto wa wenyewe. Mimi ile nusu saa haiishi. Watu wa semina yetu nawajua wote kwa majina mpaka viti wanavyokaa, lakini nikitajwa nijibu swali moyo unaenda mbio, sauti inakata, viganja vinatoa jasho mpaka karatasi inalowa, na usiku wake silali, narudia neno kwa neno nilichosema na nani alicheka. Kuna mwalimu aliwahi kunisimamisha mbele ya darasa zima akasema huyu hata jina lake linamshinda kulitaja, toka siku ile nakaa kiti cha karibu na mlango. Kantini naenda saa tisa wenzangu wakishamaliza kula.

Sasa mwezi wa pili mwaka huu nilivuka kwenda Zanzibar kwenye Sauti za Busara, nikakaa Ngome Kongwe, ile ngome ya kale wanakofanyia tamasha, toka jua halijazama mpaka usiku mwingi, nikacheza, nikaongea na watu nisiowajua, na nikatoka pale nina furaha ambayo sikuwahi kuipata kwenye mkusanyiko wowote, hata harusi za kwetu. Nimekaa nikajiuliza sana mbona pale iliwezekana na kantini yenye watu arobaini haiwezekani. Majibu niliyoyapata ndo nataka kuwapa, maana naamini kuna mtu humu anajinyima sehemu anayoipenda akidhani haimfai, kumbe kwa mtu wa aina yetu ni moja ya sehemu nyepesi kabisa.

Kwa msioijua, Sauti za Busara ni tamasha la muziki wa Afrika linalofanyika Unguja kila Februari toka 2004, mwaka 2016 tu ndo halikufanyika kwa sababu hela za kuliendesha zilikosekana. Wanachotaka wao ni watu wapige laivu, vyombo na sauti, siyo mtu kuweka sidii akafumba fumbua mdomo. Mimi napenda taarab ya zamani ile ya vyombo kama kanuni (kile cha nyuzi nyingi), udi, fidla na akodiani, nimekua naisikiliza na bibi yangu, kwa hiyo miaka yote nilikuwa nalitamani hili tamasha kwa mbali. Bumu (hela ya mkopo wa chuo) lilivyoingia nikatenga hela, na tiketi wenyeji tunalipa kidogo kuliko wageni.

Rumeti wangu kwao Ng'ambo, Unguja. Yeye ndo alinipeleka na nataka mjue alichofanya maana ni kikubwa. Hakuniambia hata siku moja changamka, wala mbona uko hivyo. Aliniambia tutaenda mapema kabla watu hawajajaa, utachagua wewe pa kukaa, na ukiona imekuzidi niambie "nina njaa", tunatoka tunaenda Forodhani, ile bustani ya pwani wanapouza vyakula usiku, sitakuuliza kitu. Basi. Na kaka yake akasema atakuja kutuchukua tutakapomaliza, kwa hiyo wasiwasi wa kurudi usiku ukawa hamna.

Kusema kweli sehemu ngumu ilikuwa bandarini Dar, ile foleni ya boti, watu wanakugusa, mtu wa tiketi anakuuliza swali na nyuma yako wapo wanaosubiri umalize. Kule hakuna muziki. Kwenye boti nikapata siti ya dirishani, masaa mawili hivi, nikatulia.

Tulivyofika ngomeni nusu ya uwanja ilikuwa tupu, mafundi wanajaribu spika, mmoja anarudia moja mbili moja mbili kwenye maiki. Nikachagua sehemu pembeni ya ukuta, naona jukwaa na naona mlango. Hili la kufika mapema naomba mlishike sana. Ukiingia sehemu imeshajaa mwili unapokea watu mia tano kwa mpigo, macho yote unayaona yamegeuka kwako. Ukiwa umekaa tayari, wao ndo wanaoingia, wewe ndo mwenyeji, wanaongezeka wawili watatu na mwili unazoea taratibu. Mpaka inafika saa mbili usiku uwanja umefurika na mimi bado nimekaa kwenye ukuta wangu.

Siyo kwamba hofu haikuja. Ilikuja, na kwa nguvu. Kikundi cha pili kikiwa jukwaani nikahisi kifua kinabana, masikio yanawaka moto, nikaona kabisa kuna mkaka pale ananiangalia jasho. Nikamwambia rumeti nina njaa. Akanyanyuka hapohapo. Forodhani ni kuvuka barabara tu, tukala urojo, tukanywa juisi ya miwa, tukaangalia bahari, hakusema chochote kuhusu mimi, alikuwa ananihadithia mambo ya Beit al Ajaib, lile jumba la kale pale jirani, na siku ilipoanguka sehemu yake, Desemba 2020. Baadae mimi mwenyewe nikasema turudi. Kujua kwamba mlango uko wazi na hakuna atakayenuna ndo kulinirudisha ndani. Ningekuwa nimezuiwa ningekaa pale nimekakamaa nawaza kutoka tu, muziki nisiusikie.

Halaf likaja kundi la taarab. Mnajua kwenye taarab watu wanaenda mbele kumtunza mwimbaji, yaani kumpa hela akiwa anaimba. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, amejifunga kanga yake vizuri, tulikuwa hatujasemeshana, wimbo ulipofika sehemu yake akanigeukia akasema mwanangu nisindikize nikatunze. Nikaenda! Mimi ambaye kunyoosha mkono darasani nashindwa nilitembea mpaka mbele ya jukwaa mbele ya umati wote nimeshika noti, tunaenda kwa mwendo wa ngoma, tukatoa, tukarudi. Na sikutetemeka. Nimelifikiria hili mpaka nikaelewa, kutunza kuna utaratibu wake, kila mtu anaujua, unajua mguu uende wapi, mkono ufanye nini, na hakuna anayekungojea useme neno. Kinachonitesa mimi ni pale ambapo haijulikani natakiwa nifanye nini na watu wananisubiri. Kantini ni hivyo, nikae wapi, na nani, nianze kusema nini, nikimaliza kula niondoke vipi.

Mwisho wakapanda vijana wa singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini Dar. Jamani. Singeli inakimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, huwezi kusimama. Na pale ndo nilipata kitu ambacho sikukitegemea. Dalili zote ninazozificha maisha yangu yote, jasho, moyo kwenda mbio, kuhema, uso kuwa mwekundu, mikono kutetemeka, kila mtu pale alikuwa nazo. Wote tumelowa. Mzungu kalowa, mzee kalowa, dada wa hijabu kalowa. Hakuna awezaye kunitazama akasema huyu ana tatizo. Nilicheza mpaka nikasahau kujiangalia, na kwa mtu asiye na hii hali huwezi kujua ni raha ya namna gani kusahau kujiangalia.

Na kitu kingine, kwenye muziki wote mnaangalia upande mmoja. Kantini mnaangaliana. Hata ukiongea na mtu, mazungumzo yapo mbele yenu yameshaletwa, unauliza hawa wametoka wapi, anakujibu, spika zinapiga, mmemaliza, hakuna aliyeona umekaa kimya maana kukaa kimya ndo kusikiliza kwenyewe.

Asubuhi yake kwenye boti mawazo yakaanza kama kawaida, nilichezaje, yule mama alinionaje. Nikajiuliza swali moja, mimi nakumbuka nani alicheza vibaya jana? Nikatafuta kichwani sikumpata hata mmoja. Nakumbuka kanuni, nakumbuka kanga ya yule mama, nakumbuka urojo. Mawazo hayakuisha ila yalipungua nguvu, nikasinzia.

Karibuni mchangie, hasa mnaopitia hili.

#2 mdau_wa_chumbageni

Dada umeandika maisha yangu. Mi niko Tanga, chuo mwaka wa kwanza, mwanaume. Kwetu wanaume ni ngumu zaidi kwa sababu ukikaa kimya kwenye kundi wanasema una dharau au unajiona. Wenzangu walishaacha kunialika. Swali langu, mtu asiye na rumeti wa aina hiyo anafanyaje? Mi sina mtu wa kumwambia nina njaa.

#3 Fundi Magari

Dogo mbona rahisi, piga chupa mbili tatu kabla hujaingia, utaongea mpaka wakuombe unyamaze. Mi nilikuwa hivyo hivyo.

#4 mama_nasra

#3 samahani kaka yangu lakini hapo sikubaliani na wewe na nasema kwa uchungu. Ndugu yangu wa tumbo moja alianza hivyohivyo, mbili kabla ya sherehe, ikawa mbili kabla ya kazini, mpaka akawa hawezi kupokea simu bila kunywa. Pombe inalegeza hofu kwa masaa machache halaf kesho yake hofu inarudi imezidi, mikono inatetemeka zaidi, na mtu anakuwa hajawahi kujua kama angeweza mwenyewe. Huyu binti amecheza akiwa na akili zake, ile furaha ni yake. Tumuache nayo.

#5 Fundi Magari

#4 nimekuelewa dada, pole sana kwa ndugu yako.

#6 mnasihi_mtarajiwa

Habari zenu. Mimi nasomea ushauri nasihi na niko kwenye mazoezi ya vitendo, naomba niongezee maana mtoa mada ameeleza kwa macho yake vitu ambavyo vimeandikwa.

Hali anayoisema, hofu ya watu (kwa Kiingereza social anxiety), inatambulika kitabibu, madaktari wa Marekani waliiweka kwenye mwongozo wao kama tatizo linalojitegemea mwaka 1980, na mara nyingi huanza umri wa balehe, kwa hiyo kusema ninayo toka sekondari ndo ilivyo kwa wengi. Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, walieleza inavyojiendesha. Mtu akiingia kwenye watu, badala ya kuwaangalia hao watu anageuza macho kwake mwenyewe, anasikiliza moyo wake, anajitengenezea picha ya anavyoonekana, na ile picha anaitengeneza kutokana na anavyojisikia siyo kutokana na kinachoonekana. Akijisikia anatetemeka sana anaamini wote wanaona anatetemeka sana. Ndo maana singeli ilimsaidia, ilimtoa ndani yake ikampeleka nje.

Na lile swali lake la kwenye boti lina jaribio lake. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa chuo cha Cornell, Marekani, walichapisha kazi ambayo mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki Barry Manilow, fulana ya kumuaibisha kijana wa rika lile, akaingizwa kwenye chumba chenye wanafunzi wengine. Baadae akaulizwa unadhani wangapi wameiona. Wavaaji walikisia karibu nusu ya waliokuwepo. Walioiona kweli ni kama robo. Hao ni watu wa kawaida tu wasio na tatizo lolote, sasa fikiria mwenye hofu anakisia wangapi.

Tahadhari yangu kidogo. Zipo kinga ambazo mtu anajiwekea na zinamlisha hofu, kuinamia simu muda wote, kupanga sentensi kichwani kabla ya kuitoa, kukaa karibu na mlango kila siku. Kutoka kwenda Forodhani na kurudi ni sawa kabisa kwa mwanzo, lakini lengo liwe kurudi, siyo kutoka.

#7 binti_wa_mlangoni (mtoa mada)

#6 asante sana, hiyo ya kukaa mlangoni umenigusa penyewe. Tutaanza na kiti cha katikati kwenye muziki kwanza, darasani itafuata.

#2 mdogo wangu, nitakujibu vizuri nipe muda nimalize asaimenti.

#8 Mzee wa Vikokotoni

Wanangu salaam. Mimi ni mtu mzima, nimezaliwa Unguja. Ngome hiyo waliijenga Waomani mwishoni mwa karne ya 17 baada ya Mreno kuondoka, na leo watoto wetu wanakwenda pale kucheza, jambo la kushukuru. Nilimuona Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab, akiimba pale kwenye hilohilo tamasha, Mungu amrehemu, alitutoka Aprili 2013. Alikuwa mtu mzima sana, kiwiliwili kidogo, na alisimama mbele ya umati akaimba alivyotaka yeye. Watu hawakumuangalia kama amekosea, watu walikuwa wanalia.

Nakuunga mkono kwenye la kutunza. Zamani taarab ilikuwa ndio shule ya vijana wenye haya. Kijana hajui kumsemesha binti, anakwenda kutunza kwa wimbo uliobeba maneno yake, mwimbaji anasema kwa niaba yake. Na wanawake vilevile, mwenye ujumbe wake anauchagulia wimbo akanyanyuka na noti, anayeambiwa anajijua. Desturi ilikuwa inambeba asiyejua kusema. Sasa hivi kila mtu anatakiwa awe msemaji, na ndio maana mnateseka.

#9 nairobi_kwa_mbali

Niaje watu wa bongo. Mimi niko Nairobi na hii kitu iko sana huku campo, sema watu hawaongei. Kwangu ilisaidia Blankets and Wine, ile event ya Muthoni Drummer Queen ilianza 2008, juu style yake ni ya picnic. Unakuja na leso yako unatandika chini, hiyo ni nyumba yako, mnakaa na marafiki wawili na band inapiga huko mbele. Ukiskia kudance unasimama, ukichoka unaketi kwa leso yako, hakuna mtu anashangaa. Club nayo siwezi, club watu wanasimama tu wakiangaliana. Kwa hivyo nakubaliana na mwenye uzi, si kila outing ni sawa, chagua ile ina stage.

#10 Kidume cha Mbagala

Mi nina shaka. Mtu anaogopa watu af anaingia kwenye umati wa maelfu? Mimi ni mtu wa watu kabisa, naongea na yeyote, lakini mikusanyiko ya kubanana siwezi, nikibanwa napata hisia nakufa, pumzi inakata. Sasa wewe uliwezaje?

#11 binti_wa_mlangoni (mtoa mada)

#10 pole, na swali lako ni zuri. Nadhani hofu zetu siyo moja. Wewe unaogopa kubanwa na kushindwa kutoka, watu wenyewe huna shida nao. Mimi watu elfu wasionijua wakiangalia jukwaa hawanisumbui sana, wanaonitisha ni watu sita wanaonijua wamekaa duara wananisubiri niongee. Kwa hiyo mtu wa hofu yako asifuate ushauri wangu kichwa kichwa, kukaa ukutani kwenye uwanja uliofurika kwako inaweza kuwa mbaya. Mtaalam pale #6 anisahihishe.

#12 mnasihi_mtarajiwa

#11 uko sahihi, ni vitu viwili tofauti japo vinaweza kumkuta mtu mmoja. #10 hiyo ya pumzi kukata na kuhisi unakufa usikae nayo, nenda hospitali wakupime kwanza moyo na mengine, wakikuta mwili uko salama omba kuonana na watu wa afya ya akili. Muhimbili wana idara hiyo, Unguja ipo Kidongo Chekundu, Nairobi ipo Mathari. Yapo mazungumzo ya tiba ya kukutana na kinachokutisha kidogo kidogo kwa mpango, na kwa wengine daktari anaongeza dawa. Watu wanapata nafuu kabisa.

#13 Ummu Salma

Kwetu binti wa hivi anaambiwa ana jini la kiza, hataki watu. Amesomewa mtoa mada?

#14 binti_wa_mlangoni (mtoa mada)

#13 nimesomewa dada yangu, mama alinipeleka nikiwa kidato cha tatu, na dua sijaziacha, zinanituliza moyo mpaka leo kabla ya mtihani. Ila kilichoniuma ni kwamba baada ya kusomewa kila mtu nyumbani akawa ananiangalia kuona kama nimepona, na kuangaliwa ndo penyewe panaponiumiza. Shirika la Afya Duniani lilihesabu mwaka 2019 watu milioni 301 wana matatizo ya wasiwasi ya aina mbalimbali. Nilivyosoma hiyo namba nililia, kwa sababu miaka yote nilijua ni mimi tu.

#15 baba_wawili

Mimi ni mzazi. Kijana wangu yuko chuo, likizo anakaa chumbani, wageni wakija anatoka dirishani, nimeona kwa macho yangu. Huwa namwita mbele ya wageni njoo usalimie acha ujinga. Nisaidieni nimfanyeje.

#16 binti_wa_mlangoni (mtoa mada)

#15 shikamoo baba. Nashukuru umeuliza, wazazi wengi hawaulizi. Naomba nikwambie kama mwanao angekuwa na ujasiri wa kukwambia. Kumwita mbele ya wageni kunamwekea jukwaa bila ngoma. Mwambie kabla, leo anakuja shangazi fulani, utasalimia, utaleta chai, ukimaliza unaweza kurudi chumbani, na akirudi usimtaje. Mpe kitu cha kushika mkononi, sinia, kamera, kuweka muziki. Kwenye sherehe mpe kazi ya spika au ya kupiga picha. Mtu mwenye kazi ana sababu ya kuwepo, hajiulizi amesimamaje. Rumeti wangu ngomeni alinipa simu yake nimrekodie vikundi, mwanzoni niliona ananituma, baadae nikajua alikuwa ananipa pa kuweka mikono. Na ukitaka kujua anachopenda, mtoe kwenda kwenye hicho anachopenda yeye. Mimi nilivuka bahari kwa sababu ya kanuni na udi, kwa ajili ya kuchangamka nisingevuka hata barabara.

#17 baba_wawili

Marahaba binti yangu. Yeye anapenda magitaa. Nimekuelewa.

#18 mnasihi_mtarajiwa

Niongeze kitu kimoja kwenye kucheza. Timu ya Robin Dunbar wa Oxford walichapisha mwaka 2015 utafiti waliofanya na vijana wa Brazil, wakawachezesha kwa makundi. Waliocheza hatua moja kwa pamoja walijisikia karibu zaidi na wenzao, na hata uvumilivu wao wa maumivu ulipanda. Bila kupiga stori, bila kujitambulisha. Mtu aliyeshindwa kupata marafiki kwa mdomo anaweza kuanza na miguu, ukaribu unatangulia, maneno yanakuja nyuma. Mtoa mada na yule mama walianzia hapohapo.

#19 binti_wa_mlangoni (mtoa mada)

Ni kweli kabisa, baada ya kutunza ndo tukaongea na yule mama, tukaongea sana, habari za wimbo, za kanga, za wanae. Kabla ya hapo nisingeweza hata kumwambia naomba nipite.

Sasa #2 mdogo wangu wa Tanga, nilikuahidi. Kama huna mtu, usianze na tamasha kubwa. Anza na sehemu ndogo ya laivu yenye viti, mnakaa mmeangalia mbele. Hapa Dar nawajua Nafasi Art Space kule Mikocheni na Alliance Française Upanga, huwa wanaweka muziki wa laivu na watu wanakaa wanasikiliza, nusu yao wamekuja peke yao na hakuna anayejali. Tanga sijawahi kufika usiku ila waulize wenyeji humu. Pili, huyo mtu wa kumwambia nina njaa siyo lazima awe rafiki, anaweza akawa ndugu, na siyo lazima ajue habari yako yote, mwambie tu nikisema tutoke tutoke. Kama hata huyo hayupo basi jipe ruhusa mwenyewe kabla hujatoka nyumbani, nitakaa nyimbo kadhaa, nikitaka natoka napata hewa narudi, na nauli ya kurudi weka mfuko wa peke yake usiwe na wasiwasi nayo. Tatu simu iweke mfukoni wanapopiga. Mimi nilivyomaliza kurekodi nikamrudishia rumeti simu yake, ndo nikaanza kusikia.

#20 mdau_wa_chumbageni

Aisee asante. Nina binamu yangu wa Muheza yeye ni mtu wa ngoma, nimemuandikia meseji sasa hivi, nimemwambia kila kitu mpaka ile ya njaa. Amenijibu twende Jumamosi kuna bendi inapiga dansi la zamani ukumbi mmoja karibu na kwao. Nimekubali. Tumbo limeshaanza lakini nimekubali. Nivae nini? Na niende saa ngapi, wao wanaanza saa tatu.

#21 binti_wa_mlangoni (mtoa mada)

Vaa nguo uliyoizoea, siyo mpya, na iwe nyepesi maana utatoka jasho. Muulize binamu mlango unafunguliwa saa ngapi siyo bendi inaanza saa ngapi, halaf ufike saa hiyo ya mlango, mafundi wakiwa bado wanajaribu spika.